Pima kwanza, kompyuta baadaye: maswali yenu ya turbo

Sanduku la maswali limejaa moshi mweusi tena. Nimechagua machache.

Fundi, nimefunga kwenye Subaru Impreza yangu vali inayotema nje busti (hewa inayosukumwa na turbo kuingia kwenye injini), ile yenye sauti. Kila nikibadili gia moshi mweusi unatoka na injini inataka kuzimika. Injekta, vile vinyunyizio vya mafuta, zimekufa? (Msomaji, Ntinda)

Injekta ni nzima. Gari lako hupima hewa kabla haijafika kwenye turbo. Kompyuta ikishaihesabu inaandaa mafuta yake, halafu wewe unaitema hewa barabarani na mafuta yanaingia peke yake. Rudisha vali ya kiwandani, inayoirejesha hewa kwenye bomba. Sauti utaikosa, majirani watashukuru.

Gari langu la turbo linakunywa mafuta sana. Nifanyeje? (Wasomaji wengi mno)

Ssebo, gari gani? Injini gani, injekta za ukubwa gani, geji inasema nini? Nimeandika mara nyingi kwamba swali lisilo na namba halina jibu. Anza na chujio la hewa na sensa ya oksijeni, kisha urudi na namba.

Tangu nibadili manifoldi ya kuingizia hewa, mashine ya kusomea inaonyesha kompyuta inaongeza mafuta asilimia 20 gari likinguruma bila kukanyagwa. Nikifika mizunguko 3,000 inashuka hadi 3. Ajabu ni kwamba kwenye busti geji ya mchanganyiko (uzito wa hewa kwa kila moja ya mafuta) inasoma 10.8, na zamani ilikuwa 11.4. Mafuta ni machache au mengi? (Msomaji, Jinja)

Hili ndilo swali! Limekuja na namba, na namba zenyewe zinajibu. Una tundu moja linaloleta malalamiko mawili. Usipokanyaga, manifoldi inavuta, kwa hiyo tundu linaingiza hewa ambayo sensa haikuiona, na kompyuta inahangaika kuongeza mafuta. Kwenye mizunguko 3,000 hewa halali ni nyingi, ile ya wizi haionekani sana. Busti ikija, mambo yanageuka: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoka kwa tundu hilohilo, mafuta yake yanabaki, mchanganyiko unakuwa mzito, yaani mafuta mengi, namba ndogo. (Hii ni kwa magari yanayopima hewa yenyewe. Yanayosoma shinikizo la manifoldi hujitibu kwa namna nyingine.)

Anza na gasketi uliyoifungua, kisha mipira midogo ya vakyumu na viungo vya plastiki vyenye umbo la T. Usiitazame tu: kunja kila mpira kwa vidole karibu na kiungo. Ufa usioonekana mpira ukinyooka hufunguka mara ukikunjwa, na ndivyo unavyofunguka chini ya busti. Usipouona, zima injini, ziba mdomo wa turbo, ingiza hewa ya kompresa taratibu bila kupita busti yako ya kawaida, paka maji ya sabuni, utaona mapovu. Ramani, yaani jedwali la mafuta ndani ya kompyuta, usiiguse. Ukilificha tundu kwa kompyuta leo, siku mpira utakapobadilishwa kila hesabu itakuwa ya uongo.

Mitsubishi Evo yangu ina injekta kubwa, busti ni bar 1.2. Hadi mizunguko 5,000 mchanganyiko ni 11.5, baada ya hapo unapanda hadi 13.5. Fundi wangu anataka kuongeza mafuta kwenye ramani sehemu hiyo ya juu. Nimruhusu? (Msomaji, Kampala)

Usimruhusu, na usilikanyage gari hilo hadi tujue sababu. 13.5 kwenye busti kamili ni mafuta machache, joto na kugonga (mchanganyiko kujilipukia wenyewe ndani ya silinda), na kugonga kunavunja pistoni kabla hujamaliza kusema "subiri".

Kinachoanza vizuri kikaishiwa juu ni mafuta kutofika. Weka geji ya shinikizo la mafuta. Ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la mafuta) unapaswa kuona takriban bar 3, na ukiurudisha, kwenye busti ya 1.2 uone 4.2, maana injekta inasukuma dhidi ya hewa ya busti. Ikibaki 3.5, fundi anaweza kuongeza ramani hadi kesho, injekta itafunguka muda mrefu zaidi na pampu itazidi kulemewa. Geji hiyo ifunge nje, chini ya waipa, au tumia ya umeme. Nimeona watu wakipitisha mpira wa petroli ndani ya gari, juu ya mapaja. Huo ni wazimu.

Shinikizo likianguka, kabla ya kununua pampu, inua kiti cha nyuma utazame soketi juu ya tangi. Plastiki nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ni dalili ya waya uliopata moto. Pima volti hapo pampu ikiwa kazini: betri ina 13.8, pampu inapata 11, na pampu yenye njaa ya umeme haisukumi. Vuta waya mnene kutoka betri kupitia relei na fyuzi. Chujio la mafuta nalo libadilishe, hasa kama huwa unajaza kwa jerikani. Shinikizo likiwa sawasawa, hapo ndipo uangalie kama injekta zinakaa wazi kupita asilimia 85 ya muda wake.

Geji inasoma mchanganyiko mwepesi lakini plagi ni nyeusi tii. Niamini nini? (Msomaji, Kabale)

Amini plagi. Sensa hunusa oksijeni, haioni petroli. Silinda ikikosa kuwaka, oksijeni yake inatoka nzima na geji inasema "mwepesi", nawe unaongeza mafuta kwenye plagi iliyolowa. Angalia koili, punguza nafasi ya plagi hadi milimita 0.6 au 0.7, kagua kama ekzosi inavuja kabla ya sensa. Na kwa kuwa mko juu milimani, usifukuze busti ya watu wa pwani. Hewa ni nyepesi huko, turbo inazunguka kwa kasi zaidi kupata shinikizo lilelile, na hewa inatoka moto zaidi.

Rafiki amenipa ramani ya gari kama langu, ilitengenezwa Japani. Niiweke? (Msomaji, Mbarara)

Hapana. Super ya Japani huuzwa kama oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili kugonga), na ramani hiyo huenda iliandikwa kwa petroli hiyo. Muulize mwenye kituo chako anauza ngapi.

Barabara ya kulipia ya Entebbe inafaa kwa kujaribu busti usiku? (Msomaji, Kajjansi)

Haifai. Umelipia kupita, hukulipia kushindana na lori lisilo na taa za nyuma. Tafuta mlima mrefu, gia ya tatu, mtu wa pili akisoma geji. Ukiona namba inapanda kupita 12, ondoa mguu hapohapo.