Jifunzeni mwisho wa gemu kwanza

Wadau wa chesi hapa Dar, hasa nyie mnaojiandaa na mashindano ya klabu kwa mara ya kwanza, punguzeni kukariri muvu za mwanzo mnazoona YouTube, kajifunzeni mwisho wa gemu, yaani pale kete zimebaki chache, hasa ule wa ngome kwa ngome (ngome ni ile kete ya mnara). Kwenye meza zetu sisi watu wa kawaida huo ndo unatokea sana na ndo pointi zinapopotelea, inauma kweli kuona mtu kapambana masaa mawili halafu anatupa yote dakika za mwisho.

Mfano hai. Mashindano ya juzi kati huku Upanga nilipangiwa mzee mmoja, mi nacheza nyeusi, yeye mwanzo wa Kiitaliano anaujua vizuri mno. Tukalana wee mpaka kila mtu kabaki na mfalme na ngome, ila yeye ana askari wa ziada, yuko e5, na mfalme wake d5 (herufi ni safu wima, namba ni mstari, kuhesabia upande wa mweupe). Waliosimama pembeni walishajua nimekwisha.

Ila mfalme wangu nilishamuwahisha e8, njiani kwa huyo askari, na ngome nikaiweka h6. Kazi yake moja tu, kumzuia mfalme mweupe asikanyage mstari wa sita, kwahiyo naenda g6, narudi h6, sina haraka. Mzee akawaza weee, mwisho akasukuma askari e6. Hapo hapo ngome ikashuka hadi h1, nikaanza kumpiga cheki, yaani kumshambulia mfalme wake, kwa nyuma, d1, e1, f1, na mfalme wake hana pa kujificha maana askari aliyekuwa anamkinga keshasogea mbele. Droo, tukapeana mikono. Mbinu hii Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, aliieleza tangu 1777.

Na nyie mliotoka kwenye drafti za kijiweni, jicho la kula mnalo, ila kule kula ni lazima, huku siyo. Na kwenye mashindano ukishagusa kete yako unaicheza hiyo hiyo, so mikono chini ya meza mpaka umeamua.

Mazoezi ya mbinu hiyo ya Philidor rahisi: pangeni kete vile vile na mwenzio, saa dakika tano tano, mbadilishane upande. Kisha jaribuni ngome ya anayejilinda ikae tu mstari wa nyuma kabisa, mfalme mweupe aingie mstari wa sita, muone huyo anayejilinda anavyobanwa mpaka anaisha.