Kazi Changa Usimwonyeshe Mkubwa Wako

Ukitaka kujua mamlaka yanavyofanya kazi ndani ya kichwa cha mtu, tazama sentensi anazozifuta. Kwa miaka mingi nimeandika nikiwa mwajiriwa, mzazi na mtoto wa watu, yote kwa pamoja, na kila nikiandika huku nikimfikiria mtu mwenye kauli juu yangu, maneno yanalainika kabla hayajafika kwenye karatasi.

Kwenye daftari langu kuna mahali nilipoandika juu ya marehemu babu: "Alikuwa mkali. Tukisikia mlango tu, tunanyamaza." Nikakumbuka kuwa shangazi ataisoma, nikaikata kwa mstari na kuandika juu yake: "Alikuwa mtu wa nidhamu." Uongo haupo. Ila mlango umepotea, na watoto walionyamaza nao wamepotea. Kilichobaki kingeweza kusomwa kwenye msiba wa mtu yeyote.

Ndiyo maana nawasihi wanaoanza waandike rasimu ya kwanza kwa mkono. Kwenye kompyuta, sentensi ukiifuta imekwenda. Kwenye daftari inabaki chini ya mstari wake, na kesho yake ukirudi unaona wazi ulimwogopa nani, na wapi. Mimi hurudi kwanza kwenye mistari hiyo kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Halafu chagua vizuri msomaji wa kwanza. Asiwe bosi, asiwe anayekulipia ada, asiwe mtu ambaye akikunja uso leo, kesho yako inabadilika. Hata mwenza wako msubirishe kidogo (najua wengi hawatakubaliana nami hapa, lakini mwenza ana mamlaka makubwa kuliko tunavyokiri). Mtafute mtu asiyepata wala kupoteza chochote kwa kazi yako. Wenye kauli wataiona ikishakomaa, ikiwa na nguvu ya kusimama mbele yao.

Wapo walioenda mbali zaidi, wakaweka kando hata majina yao. Charlotte, Emily na Anne Brontë, ndugu watatu wa Uingereza, walitoa mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell. Charlotte alikuja kueleza kwamba waliona waandishi wanawake huhukumiwa kwa uanawake wao. Kitabu kile kiliuza nakala 2 tu mwanzoni. Wakabaki na majina yale yale, na mwaka uliofuata kila mmoja wao alikuwa na riwaya iliyochapishwa. Sikushauri ujibadilishe jina. Nakushauri ujipe walau saa moja ambayo cheo chako, ukoo wako na sifa ulizozoea kupewa havina kazi mezani. Simu iache chumba kingine, maana ndani yake wamejaa watu wote wanaokujua kwa cheo.

Na usisahau kwamba wewe nawe ni mkubwa wa mtu. Mtoto akikuletea mchoro, au kijana wa kazini akikuletea wazo ambalo bado halijakaa sawa, usianze kurekebisha. Muulize ni sehemu gani alitaka kuifuta kabla hajakuletea, kisha nyamaza umpe muda wa kujibu.