Mikono ya bibi yako

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku Nkuhungu tuko wazima, ila upepo wa vumbi umeshaanza. Juzi kwenye simu uliniuliza mbona mimi niliyekuwa nikichora sura ya mtu hadi mwenyewe anacheka, siku hizi watu wangu wana mikono mirefu na mashavu ya kijani. Nilikujibu kimzaha kwa sababu salio lilikuwa linaisha.

Unajua nilikotoka: vibao vya vinyozi na mama ntilie. Rangi ya kopo inakauka upesi. Tingatinga mwenyewe, yule mchoraji, alianza hivyo, kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Ukikosea pua, ndiyo hiyo. Rangi za mafuta za tyubu zina subira. Kesho yake bado mbichi. Unafuta kwa tambara, unarudia. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hayakauki kama maji, yanaganda taratibu kwa hewa. Nami kwa ubahili nikachanganya na alizeti ya kupikia. Usicheke. Miezi mitatu picha ilinata, vumbi lote la Dodoma likahamia kwenye paji la uso.

Paji lenyewe lilikuwa la bibi yako. Nilimchora kutoka picha ya kitambulisho, akafanana kabisa. Mama yako akatazama, akasema, "Ni yeye, lakini hayupo."

Niliudhika siku mbili. Kisha nikaikwangua kwa kisu, nikajiuliza namkumbuka mama kwa lipi. Si pua. Ni viganja vyake akipeta uwele, ungo unaruka, makapi yanaenda na upepo, na kile kidole gumba kilichopinda kwa kugongwa na mchi. Nikaanza na mikono, ikatoka mikubwa kuliko kichwa, nikaiacha. Uso nikaupa mipigo michache tu ya brashi. Kijani nacho si mbwembwe: akichoka alikaa chini ya mwarobaini, na mwanga wa majani ulimtua shavuni.

Wala sikuanza mimi. Unakumbuka Kolo, kule Kondoa, michoro iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006? Wale watu wekundu mwambani, wamerefuka kama vivuli vya jioni. Ulikuwa darasa la tano, na ulichoniuliza ni wanakwenda wapi. Hukuuliza wanafanana na nani.

Shangazi yako alipoiona alikishika kile kidole gumba kwenye picha, akakaa kimya. Ukija Desemba wewe usiguse pembe ya chini, alizeti bado inanata.

Baba yako