Pamba tunalima sisi, mbona kitambaa kinatoka Asia?

Swali: Mimi ni mkazi wa Bariadi, mkoa wa Simiyu, na kwetu ni wakulima wa pamba. Nasikia viwanda vya Dar es Salaam na Athi River kule Kenya vinavyoshona nguo za kuuza Marekani huagiza kitambaa kutoka Asia. Tuliambiwa soko huria lingeinua viwanda vyetu. Kwa nini ushonaji ulikuja lakini ufumaji haukuja? Na nikifungua kiwanda kidogo cha kufuma huku, hao washonaji watanunua kwangu?

Jibu: Ndugu yangu wa Bariadi, jibu la swali lako la kwanza limo kwenye kanuni za uasili wa bidhaa, yaani masharti yanayoamua nguo ihesabiwe kuwa ya nchi gani inapofika forodhani.

Fulana ya pamba ikiingia Marekani bila upendeleo wowote hulipiwa ushuru wa kawaida wa 16.5%, na ya nyuzi za viwandani 32%. Sheria ya Marekani iitwayo AGOA, iliyotiwa saini Mei 2000, iliondoa ushuru huo kwa nchi za Afrika zilizokubaliwa. Nchi zilizowekwa kwenye kundi la maendeleo madogo, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilipewa ruhusa ya ziada: kitambaa kitoke popote duniani, mradi nguo ishonwe kwao. Kwa hiyo msamaha wote ulipatikana kwa kukata na kushona tu. Kitambaa cha Bariadi kingekubaliwa pia, lakini kisingemwongezea mshonaji hata senti moja ya nafuu kuliko cha China.

Ruhusa hiyo yenyewe ilitolewa kwa vipande. Mwanzoni ilikuwa iishe 2004, ikasogezwa hadi 2007, kisha 2012, kisha 2015, halafu 2025. Cherehani unaweza kuzihamishia nchi nyingine sheria ikiyumba. Kiwanda cha kusokota, kufuma na kutia rangi ni fedha nyingi zilizozikwa ardhini, na huchukua miaka mingi kuzirudisha. Mwenye mtaji hawezi kujenga kwa kutegemea sheria ambayo mara nyingi iliongezwa miaka michache tu.

Hata washonaji wengi hawakuja kwa sababu ya pamba yetu. Tangu 1974 biashara ya nguo duniani iliendeshwa kwa mgao: kila nchi kubwa ya Asia iliwekewa kikomo cha kuuza Marekani na Ulaya. Kampuni za Asia zikatafuta nchi zenye nafasi, na ndivyo Wataiwan walivyofika Maseru, Lesotho. Migao ilianza kuondolewa 1995, lakini sehemu kubwa kuliko zote, 49%, iliachwa hadi siku ya mwisho, 1 Januari 2005. China ikafunguliwa mlango kwa mkupuo mmoja, na Lesotho viwanda kadhaa vikafungwa. Wafanyakazi wengi wa viwanda hivi ni wanawake wanaotunza familia kwa mshahara huo, ndiyo maana siungi mkono wanaotaka ruhusa ya kitambaa cha nje ikatwe ghafla.

Lakini kanuni zikipangwa vizuri huvuta ufumaji. Tazama Bangladesh, ambayo pamba yake ni kidogo mno kulinganisha na mahitaji. Hadi mwisho wa 2010, Umoja wa Ulaya ulisamehe ushuru kwa nguo za nchi maskini zikipitia hatua mbili nchini humo: kufuma kitambaa, kisha kushona. Kwenye fulana na sweta, ambako mitambo ya kufuma si ghali sana, Wabangladeshi walijenga viwanda vya kufuma na kutia rangi, na usokotaji wa nyuzi ukafuata. Kwenye mashati na suruali, ambako mitambo ni ghali, wengi waliendelea kuagiza kitambaa na kulipa ushuru. Kuwa na pamba shambani, basi, si sharti la kuwa na kitambaa.

Na kwetu Afrika mtandao wa viwanda vya nguo kati ya nchi na nchi ulianza kujengeka. Ruhusa ilipokaribia kuisha 2004, kampuni ya Nien Hsing ya Taiwan ilijenga Lesotho kiwanda cha denim, kitambaa cha jinzi. Mauritius, ambako mishahara ilikuwa imepanda, ilihamishia ushonaji Madagascar. Halafu Madagascar ikapinduliwa serikali 2009 na kuondolewa AGOA kuanzia 2010. Mtandao wa kikanda unaotegemea mnunuzi mmoja wa mbali hukatika namna hiyo. Kwa maoni yangu, soko la kwanza la kitambaa chetu linapaswa kuwa humu humu Afrika, na wanaojadili biashara huria ya bara hili wamevutana miaka kadhaa juu ya jambo hili hili: nguo ipite hatua moja au mbili.

Sasa kiwanda chako. Washonaji wanaouza Marekani hawatanunua kwako, angalau si mwanzoni. Mara nyingi kiwanda cha kushona hakichagui kitambaa. Mnunuzi mwenye chapa ndiye anayetaja kifumwe na nani, kwa uzito gani na rangi ipi, na majora yote ya oda lazima yafanane. Kinachoshinda wengi si kufuma bali kutia rangi na kumalizia kitambaa. Hapo panahitaji maji mengi, umeme usiokatika, maabara, na mfumo wa kusafisha majitaka kabla hayajafika mtoni.

Ningekuwa wewe ningeanza na sare za shule, mashuka na vitambaa vya hospitali. Tangu Julai 2022 Afrika Mashariki ina kiwango cha ushuru cha 35%, na nguo nyingi kutoka nje ya jumuiya zimo humo. Ujue tu kwamba bei utashindana na mitumba, na kuizuia si rahisi: Rwanda ilipoipandishia ushuru, nguo zake zilisimamishwa kwenye AGOA Julai 2018.

Kabla hujanunua mtambo wowote, nenda na sampuli ya kitambaa ghafi kwenye viwanda vya kutia rangi vya Mwanza, Arusha na Dar es Salaam. Uliza kama watakumalizia kwa malipo, kwa kiasi gani cha chini na kwa bei gani kwa mita. Ukikosa anayekubali, fikiria kusokota nyuzi badala ya kufuma.