Taarab, laki mbili na nusu, na chumba cha kupanga: gitaa, fidla au udi?

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Uko Tanga, una miaka 29, unafundisha shule ya msingi, umetenga laki mbili na nusu, unapenda taarab ya zamani na hujawahi kushika ala yoyote. Unataka kujua uanze na udi (ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, si wa kufukiza), fidla au gitaa. Waliotangulia humu jukwaani wamekujibu "gitaa, basi". Huenda wamepatia, ila kuna jambo hawakukuuliza, ambalo mimi niliulizwa hela ikiwa imeshaliwa.

Mimi ni fundi majokofu. Nilianza nikiwa na miaka 33, kwa gitaa nililonunua Kariakoo laki na themanini kwa sababu lilikuwa jeusi na linang'aa. Sababu nyingine sikuwa nayo. Lilikuwa la nyuzi za nailoni, sauti yake nikaiona imepoa, muuzaji akanishauri nifunge nyuzi za chuma. Nikafunga. Wiki ya tatu, usiku, nikasikia mlio kama mlango umepigwa teke. Daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kifuani mwa gitaa, limeng'oka na vipande vya ubao. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu kuliko nailoni, na gitaa la nailoni halikuundwa kuhimili mvuto huo. Mtu yeyote akikushauri hivyo, msikilize kwa adabu kisha uondoke.

Baadaye nikapata kazi Unguja, vyumba vya baridi vya hoteli, miaka miwili. Jioni nikawa nasoma muziki pale chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa 2002. Wakati huo madarasa yalikuwa kwenye jumba la forodha la zamani, Mizingani. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua: udi. Mzee mmoja mpiga fidla nilimwamkia, nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, ukiwa kazini, wimbo hukutoka vipi? Hebu nitolee." Nikaona haya, lakini nikavumisha. Kilichotoka hakikuwa maneno ya wimbo. Ni vile vijibu vya fidla, zile sauti zinazoingia muimbaji akimaliza mstari. Mzee akacheka. "Wewe udi unautaka kwa macho. Masikio yako yako kwenye fidla."

Fanya hivyo na wewe. Weka wimbo unaoupenda, osha vyombo, usiuwaze. Kisha jichunguze. Mdomo ukifuata maneno na mkono unapiga beseni, wewe ni mtu wa gitaa: utaimba na kujisindikiza. Mdomo ukiacha maneno ukakimbilia ala, gitaa litakuchosha mapema, maana miezi ya mwanzo utakuwa unapiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja, si ile ya TRA) huku unachokitamani kiko kwingine.

Sasa kuhusu hofu yako kwamba "taarab bila udi si taarab". Hiyo ni hesabu ya Unguja, ambako kundi la Nadi Ikhwan Safaa lipo tangu 1905 na fidla, udi na kanuni zake (kanuni ni ala ya nyuzi nyingi). Taarab ya kwenu Tanga ilijengwa vingine. Kundi la Black Star, na baadaye Lucky Star, waliipiga kwa magitaa ya umeme na besi, na Bi Shakila akaimba juu yake, na ile nayo ni taarab. Kama nyimbo unazozipenda ni hizo, gitaa ndilo ala yake halisi. Waulize wazee wa mtaani kwako, huenda umepanga jirani na mtu aliyekuwa anapiga.

Tofauti kubwa ya kiufundi iko shingoni. Gitaa lina freti, vile vyuma vilivyolala kwenye shingo. Ukikandamiza nyuma ya freti, sauti inatoka mahali pake hata kama sikio lako bado changa. Udi na fidla hazina. Kidole kikikosea kwa milimita mbili, kila mtu ndani ya nyumba anajua. Lakini hapo hapo ndipo utamu wake ulipo: maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya freti mbili, na gitaa la kawaida halizifikii isipokuwa kwa kuuvuta uzi. Nyimbo za Tanga zilizopigwa kwa magitaa hazikuhitaji sauti hizo. Ukipenda zile ndefu za Kiunguja zenye harufu ya Misri, utazihitaji.

Fidla nimeipiga mwaka wa sita sasa, kwa hiyo niamini nikikwambia miezi minne ya kwanza ni aibu. Upinde ni kazi inayojitegemea kabisa. Mkono wa kulia unajifunza jambo moja, wa kushoto jingine. Usipoupaka upinde rozini (utomvu mkavu wa mti), uzi hautoi sauti. Ukiuminya sana, unakwaruza. Kwenye chumba cha kupanga nunua kizuizi cha mpira kinachokaa juu ya daraja, kinapunguza sauti sana. Mimi sikukijua mapema, na mama wa chumba cha pili aliniuliza kwa upole kama paka wangu anaumwa.

Udi una nyuzi kumi na moja kwa kawaida, jozi tano na uzi mmoja mnene, na vigingi vya mbao ambavyo kwa unyevu wetu wa pwani huvimba na kusinyaa. Mwanafunzi anayeanza anaweza kumaliza robo saa akilinganisha nyuzi tu. Tumbo lake ni la mviringo, linateleza pajani. Na udi wa maana kwa laki mbili na nusu hutaupata. Kanuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini, hata usiitaje.

Ukulele, kile kigitaa kidogo, mmekuwa mkiicheka humu, mimi siicheki. Nyuzi nne za nailoni, vidole haviumi sana, na wewe ni mwalimu: utaingia nayo darasani kesho yake. Ila taarab haimo humo.

Kwa hiyo, kwa hela yako na mahali ulipo: beseni likisema gitaa, nunua la nailoni, usitumie zaidi ya laki na themanini, inayobaki iwe ya nyuzi za akiba, begi na mwalimu wa mwezi mmoja. Beseni likisema fidla, ngoja hela iongezeke kidogo au tafuta iliyotumika, kisha uanze na mwalimu moja kwa moja. Gitaa unaweza kujikongoja peke yako. Fidla peke yako ni kujifunza makosa.

Dukani usitazame rangi. Funga jicho moja, tazama shingo kwa urefu kama seremala anavyokagua ubao, uone kama imepinda. Pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12: kwa nailoni milimita tatu hadi nne ni sawa, ikifika sita utaumia na kudhani tatizo ni vidole vyako vifupi. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ukandamize freti hiyo hiyo ya 12. Iwe sauti ile ile, ya juu zaidi. Ikipishana, rudisha. Programu ya bure ya kutyuni kwenye simu itakuonyesha kama sikio halijui.

Ukipata unalolitaka, piga picha ya daraja na ya shingo kwa ubavu, uziweke hapa kabla hujalipa. Jioni huwa nipo.