Ogolla alikuwa rubani wa ndege za kivita

Wapo wanaodhani Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya, ndiye alikuwa akiiendesha helikopta iliyomuua tarehe 18 Aprili 2024 kule Sindar, Elgeyo Marakwet. Hapana, alikuwa abiria. Yeye alisomea urubani wa ndege za kivita kwa Jeshi la Anga la Marekani, kisha akawa mkufunzi wa marubani hapa nyumbani. Haya yalikuwa kwenye wasifu wake rasmi alipoapishwa Mkuu wa Majeshi Aprili 2023. Aliingia jeshini 1984, akaongoza Wanahewa (jeshi la anga la Kenya) kuanzia 2018. Nadhani watu huchanganya kwa sababu ile helikopta, aina ya Huey, ilikuwa ya jeshi. Iliporuka tu kutoka Cheptulel, Pokot Magharibi, ikaanguka: kumi wakafa, wawili wakapona. Inauma hadi leo.