Fungueni Jedwali la Nyongeza: Kwa Vijana Wapya wa Jenomiki

Jumatatu iliyopita kwenye kikao cha maabara, kijana mmoja wa uzamili alisimama akatutangazia kwamba ana "pepa tano njiani". Tukamwuliza hizo makala zinahusu nini. Akaeleza mbili. Ya tatu akasema ni ya konsoshia, yaani muungano wa maabara nyingi, "wao ndio wanaojua". Wakubwa tukatazamana. Mimi sikucheka, maana nilikuwa hivyohivyo, na gharama yake niliilipa. Jioni ile mwenzake akanitumia faili linaloitwa data_final_MWISHO_kabisa2.vcf.gz, barua pepe tupu, hata salamu hakuna. Hapo subira ikakatika.

Haya, wadogo zangu, vuteni viti.

1. Jina. Sisi tuna la kwetu, la baba na la babu, na fomu ya jarida ina kisanduku kimoja cha jina la ukoo. Pepa ya kwanza niliweka la baba. Ya pili, la babu, kwa sababu msimamizi ndiye aliyejaza. Nilipoolewa nikaongeza la mume, kwa mapenzi tu. Leo PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, inanijua kama wanawake watatu ambao hawajawahi kukutana. Nilipoomba kupanda cheo, kamati ikataka uthibitisho kwamba watatu hao ni mmoja, nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba mimi ni mimi. Chagueni namna moja ya kuandika majina yenu, fungueni ORCID, kitambulisho cha mtafiti, zile tarakimu 16, leo, kabla ya chai.

2. Nafasi kwenye orodha. Wa kwanza anajulikana, wa mwisho anajulikana. Kukaa katikati ni kama kusimama kwenye picha ya harusi: upo, umependeza, lakini bibi harusi si wewe. Sisemi mzikimbie pepa za konsoshia. Ile ya H3Africa, mradi wa jenomu za Waafrika, ya mwaka 2020 kwenye jarida la Nature, jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya kikabila na kilugha, ilitoa vibadiliko (mahali ambapo DNA za watu hutofautiana) zaidi ya milioni 3 ambavyo havikuwa vimeripotiwa kabla. Pf7, hazina ya data ya mtandao wa MalariaGEN, ina sampuli 20,864 za vimelea vya malaria kutoka nchi 33. Kazi kama hiyo hakuna maabara moja inayoiweza, na kama jina lako limo, waonyeshe wazazi. Ila siku ya usaili utaulizwa: wewe ulifanya nini humo? Jibu la "nilikuwa kwenye timu" halitoshi. Andika kazi yako kwa kila pepa siku ileile inapotoka, kwa yale majukumu 14 ya CRediT, orodha ya kueleza nani alifanya nini kwenye pepa, kwa sababu baada ya miaka mitatu utakuwa umesahau.

Na habari ya nani wa kwanza izungumzeni kabla sampuli haijaingia kwenye friza, tena kwa maandishi. Matokeo yakishatoka, kila mtu anakumbuka alivyobeba kisanduku cha barafu.

Halafu kuna masharti manne ya uandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Uwe umechangia kazi yenyewe. Uwe umeandika au kurekebisha kwa kina. Uwe umeidhinisha rasimu ya mwisho. Uwe tayari kuwajibika kwa kilichomo. Wote mnayajua. Mnayasoma kama masharti ya benki. Mimi niliangushwa na la tatu na la nne, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

3. Jedwali la Nyongeza namba 4. Nilikuwa nimemaliza uzamivu juzijuzi, kichwa kimejaa upepo. Kundi moja la Ulaya likaomba kushirikiana nasi: sisi tuna jenotaipu (vipimo vya vibadiliko vya DNA) za wagonjwa wa selimundu na za watu wasio nayo, wao wana wachambuzi wengi na seva kubwa. Vibali vyote vilikuwepo, mkataba wa kuhamisha data umesainiwa na profesa wangu. Kazi yangu ilikuwa moja: kutuma faili.

Nikalituma. Data zetu zilikuwa kwenye GRCh37, toleo la zamani la jenomu rejea, ile ramani ya DNA ambayo wote hupimia nafasi, kwa sababu chipu ya kupimia DNA tuliyotumia ilikuwa hivyo. VCF, yaani faili la orodha ya vibadiliko, niliitoa kutoka PLINK, programu ya kuchambua jenotaipu, kwa hiyo kichwani hapakuwa na mstari wa ##reference wa kumwambia mtu jenomu rejea ni ipi. Majina ya rs, yanayotambulisha kibadiliko kwenye toleo lolote, niliyafuta mwenyewe nikaweka kromosomu na nafasi, ili faili liwe nadhifu. Nadhifu! Na kwenye barua pepe nikaandika: "Data hizi hapa, ni safi, karibuni." Neno moja kuhusu toleo, hakuna.

Wenzetu walikuwa kwenye GRCh38, toleo jipya, ambako kibadiliko kilekile huwa na namba nyingine ya nafasi. Yule mtafiti kijana aliyepokea akadhani nasi tuko hukohuko. Programu yake ilipiga kelele kwamba REF (herufi za DNA za rejea) hazifanani na jenomu, lakini kila aliyewahi kushika VCF iliyotoka PLINK anajua REF na ALT (herufi mbadala) huko hupinduka zenyewe, akaona ni yaleyale. Kosa langu likapita mlangoni limevaa sare.

Miezi ikapita. Siku moja rasimu ikaja, kurasa thelathini na kitu, nyongeza sitini na kitu, yale majedwali na michoro inayofuata nyuma ya pepa, na ombi la upole: tafadhali thibitisheni kabla ya Ijumaa. Nilikuwa ndani ya mwendokasi kuelekea Kimara, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba na kikapu cha mama wa watu mbavuni. Nikasoma ikisiri. Nikatafuta jina langu. La saba. Nikahakikisha halijakosewa herufi. Nikajibu: "Naafiki, hongereni kwa kazi nzuri." Baadaye nilitazama saa za zile barua mbili: dakika nne.

Pepa ikatoka. Nilinunua pilau kwa maabara nzima. Ukurasa wa kwanza niliuchapa nikaubandika mlangoni kwangu.

Baada ya miezi mitano mwanafunzi mmoja wa chuo cha mbali akawaandikia waandishi wote. Alikuwa anajaribu kurudia sehemu ya uchambuzi na vibadiliko vya Jedwali la Nyongeza namba 4 vilikuwa havikubaliani na chochote alichonacho. Aliandika kwa adabu mno, "huenda mimi ndiye niliyekosea". Ndipo nikalifungua jedwali lile kwa mara ya kwanza.

Mstari wa kumi na moja. Kromosomu 11, nafasi 5248232. Juu ya safu: GRCh38. Jeni ya karibu: HBG1.

Mnaofanya selimundu mmeshaelewa, na nadhani mmeshika vichwa. 5248232 ni rs334 kwenye GRCh37. Ndiyo selimundu yenyewe, ndani ya HBB, jeni ya himoglobini ya mtu mzima. Kwenye GRCh38 iko 5227002. Namba hizi mbili nimeziandika mara nyingi kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa. Ukiniamsha usiku wa manane nazitaja zote mbili kabla ya kuuliza nani anabisha hodi. Katika orodha ile ya waandishi, yumkini mimi ndiye niliyekuwa na namba hiyo kichwani kuliko wote, na ningeiona kwa sekunde moja. Kibadiliko kilikuwa kimehamishwa besi 21,230 kikaangukia barazani kwa HBG1. Na kwa kuwa HBG1 ni jeni ya himoglobini ya mtoto tumboni, ile inayowapunguzia wagonjwa makali, kosa likafanana kabisa na ugunduzi. Kwenye mjadala kulikuwa na sentensi mbili zikisema eneo hilo "linastahili kufuatiliwa". Wadogo zangu, tulikuwa tumegundua selimundu, kwa Waafrika, tukaiandikisha kwa jina la jirani.

Takwimu kuu hazikuharibika, kwa hiyo pepa haikuondolewa, ilisahihishwa. Usahihisho ulichukua miezi minane. Hiyo si kitu. Kilichoniuma ni kile kikao cha Zoom. Yule mtafiti kijana, mwandishi wa kwanza, alikuwa katikati ya kuomba kazi, na pepa ile ndiyo ilikuwa juu kabisa ya wasifu wake. Hakugomba. Aliniuliza tu, kwani wewe hukuiona? Nikawa naangalia kamera. Mkuu wao akanishukuru kwa ushirikiano, kwa sauti ambayo mtu hutumia kumsindikiza mgeni aliyevunja sahani. Mradi wao uliofuata walichukua data kwingine.

Profesa wangu, ambaye saini yake ndiyo ilikuwa kwenye mkataba, aliniita ofisini. Nilijiandaa kwa mvua ya mawe. Akavua miwani, akaniambia: "Binti, kwani wewe ulisoma nini mle, jina lako tu?" Basi. Akarudi kwenye kazi yake. Ukurasa niliubandua mlangoni siku hiyohiyo, gundi ikabandua na rangi, na ile alama bado ipo, mwaweza kuja kuiona.

Tangu hapo kila faili linalotoka kwangu lina ukurasa mmoja wa maandishi: toleo la jenomu rejea, uzi wa DNA uliosomwa, tarehe, aliyeliandaa, na md5, alama ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilika. Rasimu ikija naanzia kwenye majedwali, na cha kwanza ni kutafuta rs334.

4. Ya haraka. BED, faili la kutaja maeneo ya jenomu, huanza kuhesabu na 0, VCF huanza na 1. HBB husomwa kwa uzi wa nyuma, ndiyo maana kwenye VCF badiliko ni T kuwa A, si A kuwa T. Msinipigie saa sita usiku kwa hilo. Endesheni --check-sex ya PLINK, inayolinganisha jinsia iliyoandikwa na DNA yenyewe, kabla ya kitu chochote, kwa sababu pleti ya sampuli ikigeuzwa A1 inakuwa H12, na "mgonjwa wa kike" mwenye kromosomu Y atawaambia mapema kuliko mpitiaji. Orodha za jeni msizifungue ndani ya Excel. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta karibu pepa moja kati ya tano zenye orodha za Excel ina majina ya jeni yaliyoharibika, SEPT2 imekuwa tarehe ya Septemba, MARCH1 ya Machi. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikasalimu amri, ikazibadili kuwa SEPTIN2 na MARCHF1. Binadamu wamebadili majina ya jeni zao kwa ajili ya programu ya uhasibu, na bado mnanitumia xlsx.

5. Kuchapisha. Ruhusa ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ya kuchapisha iombeni mapema, si usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Msamaha wa ada uombwe wakati wa kuwasilisha. Pepa ikishakubaliwa mara nyingi mlango umefungwa. Jarida linalokuita "Profesa Mtukufu" wakati hata ripoti ya fildi hujaandika, ni matapeli.

6. Washirika. Wote mnazungumzia utafiti wa helikopta, kwamba wageni wanashuka, wanachota damu, wanapaa. Ni kweli upo, nimeuona. Lakini tusiwe helikopta sisi kwa sisi. Kuna maabara ya hapahapa inayochota sampuli wilayani na haijui jina la muuguzi aliyeamka alfajiri. Kundi la wagonjwa wa selimundu la Muhimbili lilianzishwa mwaka 2004 na Julie Makani na wenzake, na uchambuzi wa jenomu nzima kuhusu himoglobini ya mtoto kwa wagonjwa hao ulichapishwa mwaka 2014. Hesabuni wenyewe. Katikati hapo kuna kliniki, mafaili, wagonjwa wanaopigiwa simu warudi, na mafundi wa maabara ambao pasipo wao hakuna hata nukta moja kwenye grafu. Waulizeni majina yao matatu, muyaandike kama wanavyoyaandika wao.

Na jengeni urafiki na wenzenu wa ng'ambo ya mpaka kabla hamjawahitaji. R561H ya kelch13, badiliko la kimelea cha malaria linalohusishwa na usugu wa dawa ya artemisinin, iliripotiwa Rwanda mwaka 2020, halafu ikathibitika Kagera. Vimelea havikugonga muhuri mpakani Rusumo. Mwenye namba ya simu ya mtu wa Kigali alikuwa na kazi nyepesi kuliko mwenye kutafuta anwani kwenye pepa.

7. Nilitaka kusema kuhusu barua za mapendekezo, lakini kijana wa pepa tano amebisha hodi. Ameleta rasimu anayotakiwa kuithibitisha kesho, ile ya tatu, ya wanaojua. Nimemwambia akae, afungue nyongeza, aanze na jedwali la kwanza. Kumbe na mimi nimo, jina la kumi na mbili, na barua yangu iko kwenye kikasha tangu Alhamisi. Sijaifungua. Ngoja nivae miwani.